Msumari wa Inchi Tatu

Alhamisi, saa nane mchana, Temeke,
chumba cha mikutano chenye feni mbovu,
viti kumi na kimoja, mafaili matatu,
na chupa ya chai ya tangawizi
ambayo hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuimimina.

Mimi ndiye mwandika muhtasari.
Daktari Mushobozi anatukumbusha masharti:
hapa jina halitajwi, hapa hatumtafuti mchawi,
tunatafuta tundu linalovuja.
Ndiyo maana jana nilikaa na kadi yako
nikafuta herufi nane kwa wino mweusi,
ukabaki namba kumi na saba.

Umri: ishirini na nne. Uzazi: wa tatu.
Makazi: Kiburugwa, nyuma ya wafyatua matofali.
Kliniki: mara nne, kadi ina doa la mafuta ya nazi.
Saa moja na robo usiku umepokewa, unatembea mwenyewe,
khanga begani, beseni jipya la bluu.
Saa tatu kasorobo mtoto wa kike, kilo tatu, analia.
Saa tatu na dakika tano, damu.
Saa tatu na dakika sita, damu.
Saa nne na dakika tano
mwandiko wa muuguzi unabadilika.

Kwa nini alikufa?
Damu ilimwishia.
Kwa nini hakuongezwa?
Chupa mbili za kundi lake zilikuwepo, kwenye friji.
Kwa nini hazikutoka kwenye friji?
Friji ilikuwa imefungwa.
Na ufunguo?

Hapo ndipo feni ikasikika.

"Ulikuwa mfukoni mwangu," akasema Kiswaga wa maabara.
"Mbagala Kuu. Nilikuwa nakula. Simu ilikuwa kwenye chaji, chumbani."
Hakuna aliyemuuliza.
Aliitazama mikono yake
kama mtu aliyeazimwa mikono
na mwenyewe amekuja kuidai.

Nikaandika: ufunguo mmoja, mtu mmoja, zamu tatu.
Kalamu ikasita.
Lugha yetu ilishajua haya kabla ya kamati:
mwanamke huja kujifungua.
Wewe ulikuja kujifungua
na sisi tulikuwa tumefunga.

Sista Eufrasia ndiye aliyekwenda nyumbani kwenu.
Mama mkwe wako alimpa kigoda,
akasema, ni kazi ya Mungu, mwanangu.
"Nikaitikia amina," anasema Sista.
"Ila nilipofika kituoni nikawaza,
Mungu hakuondoka na ufunguo."
Niandike hilo?
Usiandike hilo.

Hatua zitakazochukuliwa:
ufunguo wa pili uchongwe.
Utundikwe ukutani wodi ya wazazi, juu ya swichi.
Mhusika: fundi Makame. Muda: leo.
Gharama: msumari mmoja wa inchi tatu.

Niliusikia ukipigiliwa. Nyundo nne.
Nilitamani ziwe nyingi zaidi,
nilitamani ukuta ukatae kidogo,
kitu kinachokugharimu wewe
kisipatikane kwa bei ile dukani kwa Mpemba.

Oktoba, umeme umekatika, jenereta inakohoa,
mama mmoja wa Kijichi akaanza kumwagika
kama bomba lililopasuka.
Binti wa mafunzo, wiki yake ya pili,
akanyoosha mkono gizani, juu ya swichi,
hakuuliza mtu.
Dakika kumi na moja, damu ikawa inashuka mpirani.
Yule mama aliondoka Jumatatu na pacha wawili,
akigombana na shemeji yake juu ya nauli ya bajaji.
Hakujua. Ajue nini?

Wako anakunywa maziwa ya kopo.
Kiswaga huyapeleka kila mwisho wa mwezi,
huyaacha mlangoni, hapigi hodi.
Hilo nalo halimo kwenye muhtasari.

Fomu ina mistari arobaini na miwili:
ya mapigo, ya mkojo, ya saa, ya saini.
Haina mstari wa za moyoni.
Nimekuandika hapo.